Wakfu wa Wagonjwa: Hospitali ya Sultani Qalawun Mjini Kairo

Katika sadaka ambazo thawabu zake hazikatiki kwa kufa kwake aliyezitoa, wakfu ni mojawapo iliyowafaa watu wengi mno. Maana yake ni kuizuia mali isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na pato lake kutumiwa daima katika jambo la kheri. Kwa njia hiyo miji ya Waislamu ilipata misikiti, vyuo na visima. Na kwa njia hiyo hiyo ilipata hospitali ambazo mgonjwa hakudaiwa malipo yo yote.

Mfano ulio mashuhuri ni hospitali ya Sultani al-Mansur Qalawun, aliyetawala Misri na Sham tangu 1279 hata 1290. Wanahistoria wanasimulia kwamba zamani alipokuwa amiri wa jeshi alishikwa na msokoto wa tumbo mjini Damaski, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika hospitali ya Nur al-Din, iliyojengwa mwaka wa 1154. Alipopona alikwenda kuitazama, ikampendeza, akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Ujenzi ulianza mwaka wa 1284 mahali palipokuwa na jumba la Mafatimi, ukamalizika mwaka uliofuata.

Ama jengo peke yake halimtibu mtu. Tabibu hana budi kulipwa, dawa kununuliwa na chakula kupikwa, mwaka huu na miaka ijayo. Kwa hiyo Sultani aliweka wakfu masoko, maduka, hamamu na milki nyingine. Al-Maqrizi ameandika kwamba pato lake lilikaribia dirham 1,000,000 kwa mwaka, nalo lilihudumia hospitali pamoja na madrasa, kaburi la Sultani na chuo cha mayatima.

Masharti yake yaliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Hospitali ilikuwa ya Waislamu waume kwa wake, matajiri kwa maskini, wenyeji kwa wageni. Palikuwa na mahali mbalimbali pa wenye homa, wenye macho, wenye majeraha na wenye kuhara, na wanawake walikuwa na upande wao. Msimamizi alipaswa kununua vitanda, magodoro na mablanketi, na vipepeo vya ukili kwa siku za joto. Chakula cha kila mgonjwa kiliwekwa katika chombo chake mwenyewe, kimefunikwa. Maskini waliougua majumbani mwao walipelekewa dawa, na aliyekufa alioshwa, akakafiniwa na kuzikwa kwa mali ya wakfu.

Kheri hiyo iliwavuta wengine. Tabibu Ibn al-Nafis, aliyeeleza jinsi damu ipitavyo mapafuni, alipofariki mwaka wa 1288 aliiachia hospitali hiyo nyumba yake na vitabu vyake.

Hata hivyo historia haikuficha aibu yake. Amiri Sanjar al-Shuja'i, aliyesimamia ujenzi, aliwatoa wakazi wa jumba lile, akawalazimisha mafundi wa mji kumfanyia kazi, na hata wapita njia wakashurutishwa kubeba mawe. Nguzo na marumaru zikachukuliwa katika ngome ya Rawda. Wako watu wa dini walioona vibaya kusali katika majengo yale, kwa kuwa sadaka ile ilichanganyika na dhuluma.

Jaribio la pili lilikuja polepole. Wakfu ulidumu karne nyingi, na katika karne ya 18 Abd al-Rahman Katkhuda aliyakarabati majengo. Lakini wataalamu wa Kifaransa waliofika na jeshi lao mwaka wa 1798 walikuta hospitali imedhoofika na wagonjwa ni wachache. Mwanzoni mwa karne ya 19 serikali ya Muhammad Ali ikatia mkono katika mashamba mengi ya wakfu nchini Misri. Mwaka wa 1915 hospitali ya macho ilifunguliwa katika kiwanja kile kile, na wagonjwa wakaonekana tena mahali walipotibiwa babu zao.

Basi jumuiya yo yote inayokusudia kufungua zahanati kwa mali ya wakfu ina mengi ya kujifunza kwa Qalawun. Kuchanga fedha za kuta na bati ni kazi ya mwaka mmoja au miwili; kulipa mganga na kununua dawa ni kazi isiyokwisha, nayo yahitaji nyumba ya kupangisha au shamba lenye mavuno. Yafaa masharti yaandikwe wazi wangali hai walioyatoa, na hesabu zisomwe mbele ya watu kila mwaka. Tena yafaa kuuliza mali imetoka wapi kabla ya kuipokea, maana watu wa Kairo waliobebeshwa mawe kwa nguvu nao pia walikuwa na haki katika hospitali ile.