Ngege Alivyomwachia Mgeni Jina

Katika vibanda vya samaki vya Dunga, Kisumu, mteja huagiza ngege. Katika hoteli za mjini, samaki yuleyule huandikwa tilapia kwenye menyu. Kwa asili, majina yote mawili si yake.

Wengi hudhani tilapia ni neno la Kizungu. Lakini Andrew Smith, daktari Mskoti aliyechunguza wanyama wa kusini mwa Afrika, ndiye aliyelitumia mwaka 1840 kuita jamii ya samaki wa maji baridi. Inaaminika alilichota kwa Watswana, ambao humwita samaki tlhapi, akalivika vazi la Kilatini. Wafanyabiashara wakalieneza duniani, hadi likafika Kisumu kana kwamba limetoka Ulaya.

Ngege ni jina la Wajaluo, na mwenyewe alikuwa samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ilimfungulia soko la mbali. Nyavu za kisasa za kutega zikaingia ziwani mwaka 1905, na uvuvi ukapamba moto. Mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alipochunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, ngege walikuwa wamekwisha kupungua, naye akashauri matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi tano. Ndiye pia aliyempa ngege jina la kisayansi, Tilapia esculenta. Neno hilo la pili maana yake ni "wa kuliwa".

Katika miaka ya 1950 akaletwa ziwani samaki wa kigeni wa jamii hiyohiyo, ambaye Wajaluo humwita nyamami na Watanzania sato. Akafuata mbuta, sangara wa Watanzania. Ngege wa asili akakaribia kutoweka ziwani, na jina lake likaangukia nyamami.

Wanasayansi nao walibadili usajili: kitabu cha Ethelwynn Trewavas cha mwaka 1983 kiliwaweka ngege na nyamami katika jenasi ya Oreochromis. Kwa hesabu hiyo, "tilapia" wa menyu si Tilapia, na "ngege" wa kibandani kwa kawaida si ngege.

Ngege halisi bado yumo Ziwa Kanyaboli, kaunti ya Siaya. Anayetaka kumlinda asiridhike kusikia ngege wamejaa sokoni. Aulize ni ngege yupi.