Kamera iliyosema yasiyotamkwa: miaka ya Kaagaz Ke Phool

Filamu ya Kihindi ya Kaagaz Ke Phool, yaani Maua ya Karatasi, ilipotoka mwaka 1959 haikupata watazamaji. Ilimtia hasara kubwa mwongozaji wake, Guru Dutt, na tangu hapo jina lake halikuandikwa tena kama mwongozaji katika filamu yoyote.

Hata hivyo, filamu hiyo huhesabiwa leo miongoni mwa kazi bora za senema ya India. Sababu mojawapo ni namna kamera yake inavyosimulia mapenzi.

Kisa chenyewe kinamhusu Suresh Sinha, mwongozaji mashuhuri aliyetengana na mkewe, ambaye jamaa zake wanaidharau kazi ya filamu. Usiku mmoja wa mvua anakutana na msichana aitwaye Shanti na kumpa koti lake. Shanti, aliyeigizwa na Waheeda Rehman, anapokwenda studio kulirudisha, anapita bila kujua mbele ya kamera inayofanya kazi. Suresh anapoitazama picha hiyo baadaye, anatambua kuwa amempata mwigizaji aliyekuwa akimtafuta.

Mapenzi yanachipuka, lakini hayana pa kwenda. Suresh ana mke na binti, na heshima inawafunga wote wawili vinywa. Hapo ndipo kamera inaposhika kazi ya ulimi.

Wimbo bila midomo

Katika filamu za Kihindi za wakati huo, ilikuwa desturi mwigizaji kuchezesha midomo kana kwamba anaimba mwenyewe. Katika onyesho mashuhuri kuliko yote la filamu hii, Suresh na Shanti wamesimama ndani ya studio tupu, midomo yao imefumba. Sauti ya Geeta Dutt, mke wa mwongozaji, inasikika kama mawazo yanayopita vichwani mwao.

Kamera inausogelea uso wa mmoja taratibu, kisha inarudi nyuma. Mtazamaji anavutwa karibu, halafu anatengwa, na hivyo anaionja hali ya watu wanaotamaniana wasiweze kugusana. Mara vivuli vya wapenzi hao vinatoka miilini mwao na kukutana, ilhali miili yenyewe imebaki pale pale, mmoja mbali na mwenzake.

Nguzo ya mwanga iliyomo katika onyesho hilo ilikuwa kazi ya mpiga picha V. K. Murthy. Aliyapanga mawili ya vioo vikubwa: kimoja nje ya studio kulipokea jua, na kingine ndani, juu, kuushusha mwanga huo hadi sakafuni.

Upana wa upweke

Kaagaz Ke Phool ilikuwa filamu ya kwanza ya India kupigwa kwa mtindo wa CinemaScope, wenye picha pana kupita kiasi cha kawaida. Mtindo huo ulioanza Marekani mwaka 1953 ulipendwa kwa kuonyesha majeshi na majangwa. Guru Dutt na Murthy waliutumia kinyume chake: watu wawili katika picha moja, na baina yao nafasi tupu inayoonekana wazi.

Pembe ya kamera nayo ina maana yake. Mwanzoni mwa filamu, Suresh aliyezeeka na kufilisika anapanda juu ya studio na kuitazama sakafu kutoka huko. Mahali alipotawala zamani pamekuwa padogo chini yake, na kutoka hapo kumbukumbu zake zinaanza.

Lugha hii ya picha ina uzito pia kwa historia ya Afrika Mashariki. Katika majumba ya senema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, filamu za Kihindi zilipendwa na watu wengi wasiojua Kihindi. Nyuso, nyimbo na mwendo wa kamera viliwatosha kulifuata kisa na kulia na wahusika.

Guru Dutt alifariki dunia tarehe 10 Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 39, kabla filamu hiyo haijapata heshima yake. Murthy aliishi hadi mwaka 2014. Alitunukiwa tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 2008, heshima kuu ya senema nchini India, akiwa mpiga picha wa kwanza kuipata.