Bei ya Kulegeza Wavu

Mwaka 1927 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilimwita mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Michael Graham, azunguke Ziwa Viktoria na kueleza kwa nini ngege, kitoweo kikuu cha watu wa mwambao, alikuwa akipungua. Chanzo hakikuwa cha kutafutwa mbali. Reli ilishafika Kisumu mwaka 1901, nyavu za makila za nyuzi za kitani zikaingia kutoka Ulaya mwaka 1905, na samaki wa kuliwa kijijini akapata soko la mjini. Ripoti ya Graham, iliyotoka 1929, ilitaka mambo mawili: jicho la wavu lisiwe chini ya inchi 5, na uvuvi wa ziwa lote usimamiwe na mamlaka moja. Tangu hapo kila kizazi cha watawala kimeurudia ushauri huu wa pili, kana kwamba kinachokosekana ni chombo cha pamoja tu. Ukilifuata ziwa hili mwaka kwa mwaka utaona kwamba vyombo vya pamoja vimekuwapo na utafiti wa pamoja umekuwapo. Kilichokosekana ni hasara ya kumfikia anayekiuka makubaliano kabla haijawafikia wenzake.

Chukua hizo inchi 5. Jicho la wavu hupimwa likiwa limevutwa, fundo hadi fundo. Ngege mchanga hupenya, mkubwa hunasa kwenye matamvua. Kanuni ilikuwa nzuri, na makoloni yote matatu yakaikubali. Lakini kadiri ngege wakubwa walivyoadimika, wavu wa inchi 5 ulizidi kutoka majini mtupu, na aliyepata wavu wa macho madogo kwa magendo alivuna kile ambacho jirani mtiifu alikiacha kipite. Mwaka 1947 ikaundwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria, moja kwa ziwa zima, na mjini Jinja kikawekwa kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo mamlaka aliyoiomba Graham, tena chini ya mkoloni mmoja, bila mpaka wa kugombea. Haikufua dafu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika zilianza kuifuta kanuni ya inchi 5, Kenya ikafuata 1961, na idara yenyewe ikavunjwa, kazi zake zikarudishwa kwa kila nchi. Aliyetangulia kulegeza alifaidi kwa muda mfupi. Gharama ikagawanywa kwa watatu.

Sangara anaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Graham alikuwa ameonya kwamba kuleta samaki mla wenzake kutoka ziwa jingine bila utafiti wa kina ni hatari kubwa. Hata hivyo katika miaka ya 1950 sangara aliingizwa kimyakimya upande wa Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa waziwazi. Samaki haonyeshi pasipoti. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwa zima, na furu, samaki wadogo wa ziwa hili waliokuwa na spishi mamia, wengi wakatoweka. Uamuzi uliofanyika upande mmoja uliwabadilishia maisha wavuvi wa Musoma, Homa Bay na Mwanza bila wao kuulizwa. Madhara yalipodhihirika hapakuwa hata na mahali pa kulalamikia, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na utafiti wa pamoja ukafa nayo.

Juni 1994, mjini Kisumu, nchi tatu zilitia saini mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, makao yake Jinja. Shirika hili limefanya kazi ya maana: wavuvi, mitumbwi na zana vimehesabiwa kwa utaratibu mmoja tangu 2000, samaki wamepimwa kwa mawimbi ya sauti ziwa zima, na serikali zikakubaliana kwamba sangara anayeruhusiwa awe kati ya sentimita 50 na 85, ili wachanga wakue na majike makubwa yabaki kuzaa. Lakini nchi hizi ziliposogea pamoja kwa kasi kuliko wakati wowote, msukumo ulitoka sokoni. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Afrika Mashariki kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999, baada ya taarifa za uvuvi wa sumu, marufuku ikaziangukia nchi zote tatu. Sumu iliyomwagwa kwenye mwalo mmoja ilifunga viwanda mbali sana na mwalo huo. Ndipo sheria za ukaguzi zikalinganishwa, mialo ikajengwa upya, maabara zikapatikana.

Mtu atapinga, na kwa haki, kwamba Ulaya ililinda tumbo la mlaji, haikumlinda samaki. Kiwanda safi huweza kuchinja samaki mchanga vilevile. Ni kweli, na ndiyo maana usafi uliimarika huku sangara wakiendelea kuwa wadogo. Ninachokiona katika tukio lile ni utaratibu wake: kosa la mmoja lilipowagharimu wote papo hapo, kila serikali ilipata sababu ya kumchunga jirani na kujichunga yenyewe. Wengine watasema dawa ni nguvu, wakitaja jeshi la Uganda lililoingia ziwani 2017 na Operesheni Sangara ya Tanzania ya 2018. Nguvu inayotumika upande mmoja huhamisha zana haramu kuzipeleka upande wa pili, na huacha chuki kwa wavuvi ambao ndio macho ya ziwa. Mvutano wa Migingo kati ya Kenya na Uganda, juu ya kisiwa kidogo kuliko kiwanja cha mpira, umeonyesha askari wanavyogeuka kutoka walinzi wa samaki kuwa walinzi wa mpaka.

Ziwa Tanganyika limetoa mfano mwingine, wa kufunga uvuvi kwa pamoja. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi huko kwa makubaliano na majirani zake, na katika muda kama huo anayevua huonekana kwa urahisi, kwa kuwa mtumbwi wowote majini ni swali. Viktoria ina kazi ngumu zaidi, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa humo leo ni dagaa, ambaye Ulaya haimnunui. Huvushwa kwa magunia kwenda Kongo, Sudan Kusini na masoko mengine ya Jumuiya, iliyofufuliwa baadaye, hivyo mnunuzi mwenye uwezo wa kukataa dagaa waliovuliwa kwa nyavu haramu ni sisi wenyewe. Gunia linalofika Mutukula au Busia hukutana na afisa wa forodha na karatasi za afya. Karatasi inayosema limevuliwa kwa wavu gani, na inayoweza kulirudisha lilikotoka pande zote mbili za mpaka, ingemfanya anayelegeza alipe siku hiyohiyo.