Muratina ya Nyeri na Mvinyo wa Kupro

Kipande kikavu cha tunda la muratina ni chepesi mkononi kuliko macho yanavyodhani. Kimepasuliwa kwa urefu, kikachemshwa, kikatolewa mbegu na kuanikwa juani mpaka zikabaki nyuzi za kahawia, ngumu kama dodoki. Mti wenyewe kwa Kiswahili ni mwegea, na tunda lake likiwa bichi ni sumu. Wagikuyu, wenyeji wa Nyeri nchini Kenya, walilichagua tunda hilo hilo lisiloliwa liwe la kuchachusha asali. Hutiwa katika kibuyu chenye asali na maji ya uvuguvugu, kibuyu kikawekwa karibu na moto, na chachu iliyolala ndani ya nyuzi ikaamka. Baada ya siku moja au chache, njohi, yaani pombe, ambayo nayo huitwa muratina, iko tayari. Tunda hutolewa, likasuuzwa, likaanikwa, likangoja hafla nyingine. Tunda kuukuu ndilo linaloaminika. Jipya bado halijafundwa kazi.

Huliwazia tunda hili kila nisomapo habari za Commandaria, mvinyo mtamu wa kisiwa cha Kupro. Katika miteremko ya kusini ya milima ya Troodos, zabibu nyeupe za Xynisteri na nyeusi za Mavro huachwa ziive mno, kisha hutandazwa juani mpaka zisinyae na sukari yake ikolee. Zamani mkulima aliuweka mvinyo katika mitungi mikubwa ya udongo, na hakuimaliza kamwe. Kila mwaka alibakiza mvinyo kidogo wa zamani, akamimina mpya juu yake. Njia hiyo waliiita mana, yaani mama.

Hapo ndipo Nyeri na Kupro zinapokaribiana kuliko ramani inavyoonyesha. Kote kuwili, kinywaji kipya hakianzi na utupu. Huzaliwa na kilichotangulia. Ila Mkupro aliutunza urithi huo ndani ya mtungi, Mgikuyu akautunza ndani ya tunda. Tofauti hiyo si ndogo. Mtungi wa Kupro hauhami, na Commandaria ya leo lazima ikae ndani ya pipa la mbao miaka isiyopungua 2 kabla ya kuuzwa. Muratina haina subira hiyo: leo ni tamu, siku chache zijazo imekuwa kali, na hakuna mtu aliyewahi kuonja muratina ya mwaka juzi. Umri wake haumo katika kinywaji, umo katika tunda lililopita mikononi mwa watu wengi likiwa kavu.

Hata majina yanakwenda njia mbili. Commandaria ni jina la ardhi, tena la ardhi iliyotekwa. Richard wa Uingereza alikiteka kisiwa mwaka 1191, na katika karne ya 13 mashujaa wa Msalaba wa shirika la Hospitali wakaweka makao yao Kolossi. Eneo walilolitawala, yaani komanderi, ndilo lililoupa mvinyo jina. Leo ni vijiji 14 tu vinavyoruhusiwa kulitumia. Zabibu za kijiji cha kumi na tano, hata zikiwa bora, hazina haki nalo. Muratina haikuwekewa mpaka wa namna hiyo. Hutengenezwa Karatina, Othaya na Kerugoya, na Wakamba wana kaluvu yao inayochachushwa kwa tunda lile lile. Kinachoiwekea mpaka ni shughuli: nani ameialika, na kwa ajili ya nani.

Katika ruracio, sherehe ya mahari ya Wagikuyu, mpaka huo huonekana kwa macho. Wazee wameketi, njohi imeletwa na upande wa mvulana, lakini hakuna anayeigusa. Binti huitwa mbele ya wote na kuulizwa kama wazee wainywe. Akikubali, hunywa funda au humpa baba yake, na hapo tu pembe ya kunywea huanza kuzunguka. Akikataa, njohi yote ile haina kazi. Sijui kinywaji kingine kinachomngoja binti mmoja hivyo.

Pande zote mbili zilitawaliwa na Waingereza, Kupro kuanzia 1878 hadi 1960, Kenya hadi 1963, lakini hazikuachiwa desturi zao sawasawa. Kule Limassol kampuni ya ETKO, iliyoanzishwa 1844, iliendelea kutengeneza mvinyo, na KEO ikaanzishwa 1927 chini ya bendera ile ile. Huku kwetu pombe ya Mwafrika ilikuwa jambo la kibali cha chifu na faini. Fikra hiyo haijatutoka. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa, lakini msako ukianza, kama ule mkubwa wa Julai 2015 katika eneo la kati, kibuyu cha mzee hupinduliwa pamoja na pipa la sumu.

Sumu ipo, na sitaidogosha. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga kwa kinywaji kilichotiwa kemikali, na mama aliyezika mwana hahitaji hotuba ya utamaduni. Tena wapo wanaouza sukari ya dukani na maji wakayaita muratina. Wakupro nao walikabiliwa na swali la kipi ni halali: huruhusu pombe kali iongezwe katika Commandaria, lakini sheria imesema zabibu gani, kutoka wapi, zianikweje. Jina linalindwa kwa kuelezwa. Naamini muratina nayo inastahili kuelezwa hivyo: asali, maji, tunda.

Kisiwa kile na milima hii vimeshakutana hata hivyo. Askofu Mkuu Makarios, rais wa kwanza wa Kupro, alifika Kenya mwaka 1971 akabatiza maelfu, na leo Kanisa la Othodoksi lina dayosisi ya Nyeri na Mlima Kenya. Kwa Waothodoksi, Commandaria ni miongoni mwa mvinyo wa kikombe kitakatifu. Jumapili padri huinua kikombe cha divai ya zabibu mbele ya watu ambao Jumamosi yake huenda walikuwa ruracioni, ukingo wa pili wa bonde. Huko, wageni wakishaondoka, mwenye nyumba huyasuuza matunda ya muratina kwa maji safi, akayapanga juu ya mabati, jua likiwa bado kali.