Mabao 18 ya Moscow

Tarehe 20 Julai 1980, mjini Moscow, timu ya taifa ya Tanzania ya mpira wa magongo ilifungwa na India mabao 18 kwa 0. Msomaji, rudia tena taratibu: kumi na nane. Mchezo ulikuwa wa dakika 70, kwa hiyo kila baada ya dakika nne kasoro kidogo golikipa wetu alikuwa anageuka nyuma kuokota mpira.

Kila ninapoisimulia habari hii kijiweni hapa Sengerema naulizwa swali lile lile: kwani sisi tuliwahi kuwa na timu ya magongo? Tulikuwa nayo, bwana, na Olimpiki ikafika. Ilicheza mechi sita, haikushinda hata moja, ikawa ya 6 kati ya timu 6. Washikaji wanacheka, wanarudi kwenye habari za Simba na Yanga. Mimi kicheko kimeniishia. Ninachotaka kujua ni nani aliwalea vijana wale, na walipokwisha kuwa wa mwisho walifanyiwa nini.

Tuanzie kwa jirani. Miaka ya mwanzo ya Uhuru, Kenya ilikuwa moja ya timu kali za magongo duniani. Tokyo 1964 ilishika nafasi ya 6. Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ilifika nusu fainali na kumaliza ya 4, mbele yake wakiwa Pakistan, Hispania na India tu. Beki na nahodha wake, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Hakuna bwana mkubwa aliyepita na daftari kuchagua vijana wale. Mchezo ulikuwa wa jumuiya za Kiasia, hasa Wagoa na Masingasinga, na kitalu chake kilikuwa shule na klabu zao: Sikh Union, Goan Institute na nyinginezo za Nairobi. Mtoto akitoka darasani anapita uwanjani, anawatazama kaka zake na baba zake wadogo, anawaokotea mipira iliyotoka nje. Siku akikosekana mtu, anaambiwa ingia wewe. Ndiyo chuo chenyewe hicho. Hakikuwa na jina wala bajeti, na kilitoa wachezaji wa kiwango cha dunia kwa miaka ishirini.

Lakini kitalu cha namna hiyo kina ugonjwa wake. Kinamwagiliwa na watu wachache wa mtaa mmoja, nao wakihama, kimekwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Waasia wengi wa Kenya walianza kuondoka kwenda Uingereza na Kanada. Uganda ilikuwa mbaya zaidi. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Mwezi huo huo timu ya magongo ya Uganda, iliyojaa Waasia, ilikuwa Munich ikivaa jezi ya nchi hiyo hiyo. Nimejaribu mara kadhaa kuiandika hadithi fupi ya kijana mmoja wa timu ile, yuko uwanjani huku kalenda inahesabu siku za nyumbani kwao. Bado inanishinda. Mwenye uwezo na aichukue, nampa bure.

Kwetu Tanganyika, na baadaye Tanzania, magongo yalichezwa kwa mtindo ule ule ila kwa udogo zaidi. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba, na familia nyingi za Kiasia zikafunga virago. Waliobaki waliendelea kucheza, na Waafrika nao wakaingia. Ukiisoma orodha ya timu ya 1980 unaiona historia yote hiyo kwenye majina tu: Gracias, Mendes, Furtado, Virdee, Hassanali, na humo humo Rajabu, Sykes, Toto. Ni orodha ninayoipenda. Ni Tanzania yenyewe imepangwa mstari.

Sasa walifikaje Moscow? Si kwa kumfunga mtu. Majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan Desemba 1979, na Rais Jimmy Carter wa Marekani akaitisha mgomo dhidi ya Olimpiki. Februari 1980 alimtuma Muhammad Ali, bondia yule yule, aje Dar es Salaam kutushawishi. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Sisi tulikuwa tumegomea Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya Afrika Kusini, na Marekani haikutuunga mkono. Iweje leo tugome kwa ajili yake? Wakubwa wa magongo kama Pakistan, Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Australia na hata Kenya hawakwenda. Nafasi zikabaki wazi, Tanzania ikaingia. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye vita vya Kagera, dukani hakuna sabuni. Tena tangu Montreal mchezo huo wa Olimpiki ulikuwa umehamia kwenye nyasi bandia, ambako mpira unakimbia kama umetupwa kwenye sakafu ya saruji, wakati vijana wetu walikulia kwenye udongo na majani. Hapo ndipo walipokutana na India, ambayo mwisho wa mashindano iliondoka na dhahabu.

Kuna mtu atasema: ndiyo hasara ya kuingia kwa mlango wa nyuma. Ningekubali, kama isingekuwa Zimbabwe. Nao waliitwa wiki chache kabla, upande wa wanawake, kuziba pengo lile lile. Wakaunda timu haraka haraka, wakaenda, wakatwaa medali ya dhahabu. Tofauti ni moja. Wale wasichana, wote Wazungu, walikuwa wametoka kwenye shule na klabu zilizokuwa zinacheza magongo kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Waliitwa ghafla lakini walikuwa wamelelewa siku nyingi. Sisi tuliitwa ghafla tukiwa na masalio ya kitalu.

Kuhusu lile swali langu la pili, wa mwisho afanyiwe nini, jibu la ajabu kuliko yote nimelikuta Amerika Kaskazini, kwenye magongo ya aina nyingine, yale ya kuteleza juu ya barafu. Zamani ligi yao kubwa ilikuwa na klabu sita tu, na kila klabu ilifadhili timu za watoto huko vijijini ili iwamiliki wakingali wabichi. Mwaka 1962 Boston walimsainisha Bobby Orr akiwa na miaka 14. Kwao ni Parry Sound, mji mdogo kando ya ziwa kubwa, na Boston walikuwa wametoa fedha kusaidia magongo ya watoto wa mji huo. Mtoto alikuwa wa klabu kabla hajaota ndevu. Klabu yenye fedha ilikuwa na watoto wengi, na kwa hiyo ilizidi kushinda.

Tarehe 5 Juni 1963, katika hoteli moja ya Montreal, klabu zile sita zilikaa mezani kwa mara ya kwanza kuchagua kwa zamu vijana wa miaka 16 ambao hawakuwa na mwenyewe. Walichaguliwa 21. Baada ya miaka michache ile mikataba ya kufunga watoto ikafa, na taratibu ikawa hii inayotumika: klabu iliyoshika mkia ndiyo inayopewa nafasi ya mbele kuchagua. Wa mwisho anapata kijana bora! Sasa hivi klabu ni 32 na mizunguko ya kuchagua ni 7. Ujanja haukukosekana. Mwaka 1984 Pittsburgh walishukiwa kujifungisha makusudi ili wampate Mario Lemieux, wakampata kweli. Tangu 1995 kuna bahati nasibu kwa timu za chini, ili kufungwa kusiwe mradi.

Wala tusidanganyike kwamba kuchagua ndiko kulea. Katika wale 21 wa mwaka 1963, waliokuja kucheza ligi kubwa walikuwa watano tu. Mwenye kuchaguliwa siku hizi, akiwa na miaka 18, mara nyingi harukii timu kubwa. Anarudishwa kwenye ligi ya vijana, kisha anapelekwa kwenye timu ndogo ya kulelea, anapikwa polepole miaka miwili, mitatu. Jina kusomwa jukwaani ni shughuli ya dakika moja.

Sasa geuza macho uangalie kwetu, kwenye soka, maana magongo yalitufia. Sisi tunafuata taratibu ile ile ila kichwa chini miguu juu: wa kwanza ndiye anayechagua wa kwanza. Mwanza ilikuwa na Pamba, wana TP Lindanda, timu iliyobeba jina la zao lililosomesha nusu ya mkoa. Zama zile kijana mwenye kipaji alilelewa na ajira. Shirika lilimwandika kazi, asubuhi anaonekana ofisini au stoo, jioni yuko mazoezini, na mwisho wa mwezi mama anapata sukari. Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Sigara ya Dar, wote ni ndugu wa familia hiyo. George Masatu na Hussein Masha walipitia Pamba kabla ya kuwa watu wa Simba. Simba ile ya 1993 ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya 0 kwa 0 na Stella huko Abidjan, ikaja kufungwa 2 kwa 0 nyumbani. Tulilia nchi nzima, lakini aliyekuwa ameotesha miche hakutajwa.

Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya pamba ikaachiwa huria na vyama vya ushirika vikayumba. Mashirika yakauzwa au yakafungwa, na ile ajira ya mchezaji ikaenda nayo. Pamba ilishuka daraja 2001. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000, michezo ya shule nayo ilisimamishwa kwa miaka kadhaa, UMITASHUMTA ya msingi na UMISSETA ya sekondari, eti watoto wasome. Kwa mkoa kama wetu lile lilikuwa pigo la pili. UMISSETA ndiyo iliyokuwa inamtoa mtoto wa Buchosa kijijini, inampeleka wilayani, mkoani, mpaka kanda, mbele ya macho ya mtu asiyemjua mjomba wake.

Vipaji havikukauka, ila vilipitia vichochoro. Khalfan Ngassa alicheza Pamba. Mwanawe Mrisho, mzaliwa wa Mwanza, akapitia Kagera Sugar, akaenda Yanga, na mwaka 2009 akaitwa kujaribiwa na West Ham ya London. Huyo alikuwa na baba wa kumfundisha, yaani kitalu cha nyumbani. Pale Mwanza mjini shule za Alliance zilijaribu kufanya darasa na uwanja kuwa kitu kimoja, na timu yao ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Ikashuka 2020. Watu walicheka kushuka. Mimi nahesabu wale vijana waliosoma na kucheza pamoja, naona kushuka ni jambo dogo.

Sheria ya kumkumbuka mlezi ipo, tena ya dunia nzima. Tangu 2001 FIFA inataka asilimia 5 ya fedha za uhamisho zigawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu miaka 12 hadi 23. Mbwana Samatta alitoka African Lyon, akaenda Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akaenda Genk, na Januari 2020 akaingia Aston Villa. Kila hatua iliyolipiwa ina haki ya mtu aliyetangulia. Lakini haki hiyo inataka karatasi: klabu iliyosajiliwa, tarehe, muhuri. Timu ya chandimu ya nyuma ya soko haina muhuri. Yule mzee anayewakusanya watoto kila jioni, filimbi shingoni, mpira mmoja uliotoboka kwa vijana thelathini, haonekani kwenye karatasi yoyote. (Waandishi wenzangu, msicheke. Nani anamlipa mwalimu wa Kiswahili aliyekusahihishia insha ya kwanza?)

Pamba ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024, sasa inaitwa Pamba Jiji, baada ya miaka 23. Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi likafunguliwa, zaidi ya kilomita 3 juu ya maji. Kabla ya hapo timu ya kutoka huku ilikuwa inategemea kivuko. Ukichelewa foleni, mechi ya saa kumi unaifikia saa kumi na mbili, watu wameshatawanyika. Siku hizi unavuka kwa dakika chache. Vijana wa mtaani kwetu wamekwisha kuvuka mara mbili kwenda kutazama mechi Kirumba, wakiwa wamebanana nyuma ya fuso. Mtu wa Kirumba mwenye daftari na kalamu, wa kuvuka kuja huku kuwatazama wao, bado tunamsubiri. Uwanja tumeufyeka, na magoli ni ya miti ya mikaratusi.