Jua la Boulder, kivuli cha Ras Mkumbuu

Haya wadau, leo historia kidogo. Pale studio kuna mjadala mkali: wengi wanasema kuweka mwanga kwenye modeli ni urembo wa mwisho, kama kupaka rangi nyumba iliyokwisha jengwa. Mimi nasema hapana. Mwanga ndio unaosema jengo liko wapi duniani. Chukua gofu la Pemba, lipime kila ukuta kwa futi kamba, kisha uliangazie kwa jua la Marekani: umeandika historia ya uongo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert alichapisha kitabu kuhusu kupima mwanga. Hoja yake ni nyepesi: ukuta unaokabili taa moja kwa moja hung'aa zaidi, ukiinama unafifia, na unaweza kukokotoa kiasi gani. Hesabu hiyohiyo imo ndani ya kompyuta zetu hadi leo.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland pale MIT alionyesha Sketchpad, mtu akachora kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Lakini ilikuwa mistari mitupu, kivuli hakuna. Kazi ya kuvisha mistari ile ngozi ilifanyika sana Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 1971 Mfaransa Henri Gouraud alipata njia ya kulainisha mwanga juu ya umbo, na umbo alilolijaribia ni uso wa mkewe, Sylvie. Baada yake akaja Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, ambaye mwaka 1973 aliongeza kile kimweko cheupe unachokiona kwenye kitu kinachong'aa. Njia yake ilichapishwa 1975, na mwaka huohuo akafariki, kijana wa miaka thelathini na kitu tu. Kila ukiona neno "Phong" kwenye programu, ni huyo marehemu.

Hapo kuna somo la kwanza kwetu. Kimweko cha Phong ukikiacha kikali, kila kitu kinakuwa plastiki. Mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa hayameti vile, yanatawanya mwanga kila upande kama alivyosema Lambert. Basi kwa magofu yetu shusha mng'ao karibu na sifuri, ukuta utarudi kuwa ukuta.

Gouraud na Phong walijua kuangaza umbo, lakini kwao jengo moja halikuangusha kivuli juu ya jingine. Mwaka 1980 Turner Whitted alionyesha jinsi ya kufuata miale mmoja mmoja, ndipo vivuli na vioo vikakaa vizuri pamoja. Na 1984 watu wa Chuo Kikuu cha Cornell wakakokotoa mwanga unaodunda kutoka ukuta hadi ukuta. Huo wa Cornell naupenda, nitaurudia.

Sasa tuje kwenye jua. Programu inayotumika sana studio, SketchUp, ilitoka mwaka 2000 kwa kampuni ndogo ya Boulder, Colorado. Google wakainunua 2006 wakagawa toleo la bure, ndipo wanafunzi wengi tukaijua, na 2012 ikauzwa kwa Trimble. Waliotengeneza walilizoea jua la kwao, na kwa miaka mingi modeli mpya ilizaliwa Boulder mpaka wewe uihamishe. AutoCAD nayo, ukiwasha jua bila kutaja mahali, ilikuweka San Francisco. Hakuna ubaya, kila mtu huanzia kwao. Ubaya ni sisi kukubali bila kuuliza.

Ras Mkumbuu mnapajua, ile rasi ya magharibi ya Chake Chake, penye magofu ya msikiti na makaburi ya minara, ambayo James Kirkman aliyachimbua miaka ya 1950. Maka iko longitudo 39.8 mashariki, na Ras Mkumbuu kama 39.7. Yaani tuko karibu mstari mmoja, na kibla chetu ni kaskazini hasa. Ukuta wa kibla ndio ukuta wa kaskazini.

Kule Boulder, latitudo 40 kaskazini, jua la adhuhuri liko kusini siku zote za mwaka. Modeli ikibaki kule, mgongo wa kibla uko gizani kila adhuhuri, na mtazamaji atadhani wazee wetu waliuelekeza upande usioonja jua. Kumbe Pemba tuko latitudo 5.2 kusini. Jua linapita utosini mara mbili, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na kati ya tarehe hizo, kama miezi 7, linakaa kaskazini yetu. Mtoto wa Pemba aliyewahi kuanika karafuu anajua: wakati wa upepo wa kusi jua liko kaskazini, wakati wa kaskazi jua liko kusini.

Tazameni na urefu. Ukuta wa mita 3, adhuhuri ya tarehe 21 Desemba, Boulder unaangusha kivuli cha mita 6. Ras Mkumbuu mita 1 tu. Juni 21 ni kama mita 1.6, na kimeangukia kusini.

Tiba yake ni fupi. Andika latitudo 5.2 kusini, longitudo 39.7 mashariki, saa za eneo +3, kisha hakikisha mshale wa kaskazini unafuata kibla ulichopima. Halafu ihakiki kwa elimu ya chuoni, ile ya Kurani. Wastani wa zawali kwetu ni saa sita na dakika ishirini na kitu. Na kwa madhehebu ya Shafii, alasiri inaingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake ukiongeza kivuli cha zawali. Weka mwanzoni mwa Machi, zawali kivuli hakuna. Sogeza saa mpaka mnara wa kaburi na kivuli chake vilingane. Ukisoma saa tisa na nusu hivi, jua lako ni la Pemba.

Bado kuna Cornell. Gofu leo halina paa, jua linaingia hadi ndani. Msikiti ulipokuwa na paa, mwanga uliingia milangoni, ukadunda sakafuni na kwenye chokaa, ndipo ukafika kibla. Hizo ni modeli mbili tofauti, na kila moja iandikwe jina lake, gofu au msikiti.

Nang'ang'ania hivi kwa sababu kuta zile hazitadumu milele, na siku moja watoto wataijua Ras Mkumbuu kwa modeli tu. Mwenye picha ya zamani ya pale, hata iliyofifia, naiomba. Kivuli chake kitatuambia saa iliyopigwa. Nawasilisha, wadau.