Edeni na Hamu ya Mwanadamu ya Kurejea Maskani

EDENI ni nchi ambayo, kwa mujibu wa sura ya pili ya Mwanzo, kitabu cha kwanza cha Torati, Mwenyezi Mungu alipanda ndani yake bustani upande wa mashariki, akamweka humo mtu aliyemfinyanga kwa mavumbi ya ardhi. Na habari ya bustani hiyo, pamoja na ile ya siku sita za kuumbwa mbingu na nchi inayoitangulia, ndiyo chemchemi ya itikadi, iliyokita mizizi katika dini ya Kiyahudi na ya Kikristo, kwamba mwanadamu popote aishipo ni mgeni, na kwamba hamu isiyomtoka moyoni ni hamu ya kwao. Wafasiri wameieleza hamu hiyo kwa njia nyingi, wengine kwa falsafa na wengine kwa mahubiri. Walakini iko njia iliyo wazi katika maandiko yenyewe ambayo wasomaji wengi huipita bila kuitupia jicho, nayo ni ile ya mashariki na magharibi. Adamu alitolewa Edeni, na makerubi wakawekwa upande wa mashariki kuilinda njia; tangu hapo kila atafutaye kurudi sharti ajue amegeukia wapi.

Habari za uumbaji katika Mwanzo ni mbili, zimewekwa moja baada ya nyingine bila kuunganishwa kwa nguvu. Ya kwanza, inayokoma mwanzoni mwa sura ya pili, ni ya utaratibu na haiba ya ibada: Mungu anena, na kitu huwa, nuru yatengwa na giza, maji na maji, bahari na nchi kavu, kisha mahali palipotengwa hujazwa wakazi wake, mianga katika anga, samaki na ndege, wanyama, na mwishowe mwanamume na mwanamke kwa mfano wa Mungu. Ya pili ina harufu ya udongo uliotoka kulowa. Humo Mungu hufinyanga, hupuliza pumzi, hupanda miti, hutwaa ubavu, hata hushona mavazi. Tabibu wa Kifaransa Jean Astruc, katika kitabu alichokitoa mwaka 1753 bila kutia jina lake, alionyesha kwamba habari hizi mbili humtaja Mungu kwa majina tofauti, akakisia kwamba Musa alikuwa na hati za kale mbele yake alipoandika. Kutokana na kisio hilo ilikua elimu nzima ya uchunguzi wa Torati, ambayo katika karne ya 19 ilifikia kilele kwa Mjerumani Julius Wellhausen. Na wengi wa wanazuoni hao huihesabu habari ya kwanza kuwa kazi ya makuhani wa wakati wa uhamisho wa Babeli au karibu yake, yaani karne ya 6 kabla ya Kristo, ijapokuwa wako wasiokubali. Ikiwa ni hivyo, basi ukurasa wa kwanza wa Biblia uliandikwa na watu waliokuwa mbali na kwao, na hilo si jambo dogo kwa mwenye kutaka kuuelewa.

Kwa maana Babeli ilikuwa na kisa chake cha uumbaji, nacho kilifukuliwa katika vifusi vya Ninawi kimeandikwa juu ya vigae vya udongo, akakitangaza Mwingereza George Smith katika kitabu cha mwaka 1876. Humo mungu Marduk amuua Tiamat, naye ni bahari ya awali, ampasua vipande viwili na kufanya mbingu kwa kipande kimoja; mwanadamu aumbwa kwa damu ya mungu aliyeasi, ili abebe mizigo ya kazi na miungu ipate kustarehe; kisha miungu kwa shukrani yamjengea Marduk nyumba katika Babeli, na humo hufanyiwa karamu. Mtu akivisoma visa hivi sambamba, kinachomgonga si kule kufanana kunakotajwa mara kwa mara, bali ni mwisho wake. Mungu wa Mwanzo naye hustarehe siku ya saba, lakini hajengewi nyumba na mtu, wala hangoji kulishwa; yeye ndiye anayempa mtu chakula, mche na tunda. Yaonekana kana kwamba ulimwengu mzima ndio nyumba, na mwenye nyumba ameingia. Tena wafasiri wa kale walitambua kwamba siku sita zote zimefungwa kwa kutajwa jioni na asubuhi, ila ya saba haikutajwa jioni yake.

Kuhusu mahali penyewe, Mwanzo hutaja mto uliotoka Edeni ukagawanyika vichwa vinne: Pisoni, uzungukao nchi ya Havila penye dhahabu njema na bedola na shohamu, Gihoni, uzungukao nchi ya Kushi, Hidekeli, ambao ni Tigri, na Frati. Viwili vya mwisho vyajulikana na kila mwenye ramani, viwili vya kwanza vimewachosha watafutaji tangu zamani. Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya 1, aliufanya Gihoni kuwa Nili, na Wahabeshi hadi leo huuona kuwa ni Abai wao utokao nyanda za Ethiopia. Askofu James Ussher wa Ireland, ambaye mwaka 1650 aliitia siku ya uumbaji katika mwezi wa Oktoba wa mwaka 4004 K.K., alikuwa na pupa ile ile kwa upande wa wakati. Mito isiyopatana na ramani yaelekea kuwa ni ishara ya mwandishi mwenyewe kwamba bustani hii haifikiwi kwa jahazi.

Kisa cha kutolewa bustanini ni kifupi, nacho chastahili kusomwa polepole. Mwanamke na mumewe wala tunda la mti waliokatazwa, wajiona wako uchi, washona majani ya mtini. Wasikia nyendo za Bwana Mungu akitembea bustanini jua likipunga, wajificha kati ya miti. Hapo swali la kwanza ambalo Mungu amwuliza mtu katika Biblia nzima si kwa nini amefanya, bali yuko wapi. Adhabu yatajwa baadaye. Na kabla ya kuwatoa, Mungu mwenyewe awavika mavazi ya ngozi, kama mzazi ambaye amekasirika kweli, lakini hawezi kumwacha mwana atoke kwenye baridi bila nguo. Mwandishi hakusema kwamba Adamu alilia, wala kwamba alitazama nyuma. Wale wasemao kwamba hamu ya maskani ni ya mwanadamu peke yake wameruka sehemu hii, kwa kuwa anayeanza kutafuta, katika kisa chenyewe, ni mwenye bustani.

Baada ya hapo mashariki yawa upande wa kupotelea. Kaini, akiisha kumwua nduguye, atoka mbele ya uso wa Bwana akakaa Nodi, mashariki ya Edeni, na huko ajenga mji. Lutu, alipopewa hiari na ami yake Ibrahimu kuchagua nchi, aliinua macho akaliona bonde la Yordani lenye maji tele, likafanana machoni pake na bustani ya Bwana. Akaenda mashariki, akapiga hema zake hata Sodoma. Hapa pana kejeli ya kiwango cha juu: mtu aonaye bustani kwa macho ya tamaa aiendea kwa njia inayomtenga nayo zaidi.

Kinyume chake ni hema ya kukutania aliyoamriwa Musa jangwani, na baadaye hekalu la Sulemani katika Yerusalemu. Lango la ua wa hema lilikuwa mashariki, kwa hiyo aingiaye aliyapa mgongo mawio ya jua akaelekea magharibi, yaani alikwenda kinyume cha njia aliyofukuzwa Adamu. Alipita madhabahu na birika. Na kuhani aliyeingia ndani alikuta upande wa kushoto wake kinara cha dhahabu iliyofuliwa, kizito cha talanta nzima, chenye shina moja na matawi sita, na katika kila tawi vikombe vitatu mfano wa maua ya mlozi, kila kimoja na tumba lake na ua lake, na katika shina vinne. Mti kabisa, ila wa dhahabu, nao ukiwaka taa. Mbele ya kinara lilining'inia pazia, na katika pazia walifumwa makerubi, wale wale walinzi wa njia ya mti wa uzima. Katika hekalu mambo yalizidi: chumba cha ndani kilikuwa dhiraa ishirini kwa urefu, upana na kwenda juu, ndani yake walisimama makerubi wawili wa mzeituni, kila mmoja dhiraa kumi, na mabawa yao yaligusa ukuta huku na huku, na kuta zote zilichorwa makerubi, mitende na maua yaliyochanua. Kuhani mkuu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuwapita, mara moja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Kitabu cha Yubile, cha karne ya 2 K.K., ambacho chote kamili kimehifadhiwa katika lugha ya Geez na Kanisa la Ethiopia, chasema bayana kwamba Edeni ndiyo patakatifu pa patakatifu, na kwamba Adamu alifukiza uvumba siku aliyotoka. Katika zama zetu Mwingereza Gordon Wenham aliyakusanya mafananisho haya katika makala ya mwaka 1986, na tangu hapo wachache hukana kwamba hekalu lilikuwa bustani iliyojengwa kwa mawe.

Ndipo likaja pigo la mwaka 586 K.K., au 587 kwa hesabu ya wengine, Nebukadreza alipolichoma hekalu na kuwachukua watu Babeli, tena upande wa mashariki. Nabii Ezekieli, aliyehamishwa katika kundi la kwanza la mwaka 597 na kukaa kando ya mto Kebari, aliona katika maono utukufu wa Mungu ukiondoka katika kizingiti cha nyumba, ukapita lango la mashariki, ukasimama juu ya mlima ulio mashariki ya mji. Wengi wamelisoma hili kuwa ni hukumu tu, nalo ni hukumu. Lakini njia aliyoshika mwenye nyumba ndiyo ile ile ya wahamishwa. Katika sura za mwisho za kitabu utukufu warudi kwa lango hilo hilo, na maji yatoka chini ya kizingiti, yaongezeka hata yakawa mto usiovukika, yashuka na kuiponya Bahari ya Chumvi, na kandokando yake miti ambayo majani yake ni dawa. Mwaka 538 Koreshi wa Uajemi aliwapa wahamishwa ruhusa ya kurejea. Hekalu la pili lilijengwa, nalo kwa wazee waliolikumbuka la kwanza halikuwatosha.

Wakristo wa mwanzo waliigeuza kibla. Basili wa Kaisaria, karibu na mwaka 375, aliandika kwamba waumini huomba wakielekea mashariki, ijapokuwa wachache wajua sababu, nayo ni kwamba waitafuta nchi yao ya kale, bustani ambayo Mungu alipanda upande huo. Na katika Yerusalemu ya karne hiyo hiyo mwenye kubatizwa aligeuka kwanza magharibi akamkana Shetani, kisha akageuka mashariki. Hekalu lilimwongoza mtu kuingia bustanini kutoka upande aliofukuziwa. Kanisa lilimsimamisha akiitazama bustani kwa mbali. Sioni haja ya kuzipatanisha njia hizo kwa hila. Mwafrika Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Aljeria ya leo, aliihamisha safari yote ndani ya nafsi: Maungamo yake, yaliyoandikwa miaka ya mwisho ya karne ya 4, hufunguka kwa moyo usiotulia mpaka utulie kwa Mungu, jambo linalojulikana hata na wasiokisoma kitabu, lakini vitabu vitatu vya mwisho, ambavyo wengi huviacha wakidhani habari imekwisha, ni tafsiri ya sura ya kwanza ya Mwanzo, na humalizika kwa ile siku ya saba isiyo na jioni.

Ufunuo wa Yohana, kitabu cha mwisho cha Agano Jipya, waufunga mzunguko, lakini hauwarudishi watu bustanini. Wanacholetewa ni mji, ukishuka kutoka mbinguni, na urefu wake, upana wake na kwenda juu kwake ni sawasawa kama chumba cha ndani cha hekalu. Mto na mti wa uzima vimo, makerubi hawaulindi tena. Hakuna hekalu humo. Na malango ni matatu mashariki, matatu kaskazini, matatu kusini, matatu magharibi, wala hayafungwi kamwe.

Kurani nayo yaisimulia habari ya Adamu katika sura kadhaa, zikiwamo al-Baqara na al-A'raf: malaika waamriwa kumsujudia, Iblisi akataa kwa kiburi, Adamu na mkewe wateleza, kisha Adamu apokea maneno kwa Mola wake na kusamehewa. Safari yao ni ya kushushwa ardhini, wala kosa lao halirithiwi na wana. Marejeo ni ya kila nafsi kwa Muumba wake, kama wakumbushanavyo watu wa pwani wanapopashwa habari ya msiba.

Kwa Kiswahili kilichochapishwa habari hii haizidiwi umri na sehemu yoyote ya Biblia. Mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Juni mwaka huo alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Ali bin Muhiddin, kadhi wa mji, ambaye habari ya Adamu na Hawa haikuwa ngeni kwake. Mwezi uliofuata homa ilimwua Rosine mkewe, na mtoto wao mchanga akafuata baada ya siku chache. Krapf aliendelea na kazi. Sura tatu za kwanza za tafsiri yake, kutoka kuumbwa nuru hadi upanga wa moto, zilichapishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1840. Biblia nzima kwa Kiunguja, iliyojengwa juu ya kazi ya Askofu Edward Steere, ilitoka mwaka 1891, ya Kimvita mwaka 1914, na ile ya pamoja, itumikayo hadi sasa katika makanisa mengi ya Kiprotestanti, mwaka 1952.